Mpini Mweupe wa Bakora ya Khatibu: Safari ya Bagamoyo na Unguja Kuitafuta Pembe ya Kweli

Kila Ijumaa, kwa muda mrefu kuliko umri wangu, khatibu wa msikiti wetu wa Mbagala amekuwa akipanda mimbari akiwa ameshika bakora moja tu: ufito wa mpingo uliokoza weusi, na juu yake mpini mweupe uliokwisha kugeuka manjano kama samli. Bakora hiyo ni wakfu. Aliyeitoa alikuwa mzee wa Kinyamwezi kutoka Tabora, ambaye sasa ni marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alisema aliirithi kwa babu yake, na kwamba mpini wake ni pembe ya ndovu. Maneno hayo tuliyapokea kama tulivyoipokea bakora yenyewe, na hapana aliyeuliza zaidi.

Swali lilikuja mwaka huu, baada ya mvua za masika. Paa la upande wa akina mama lilianza kuvuja, mazulia yakaloa, na mfuko wa msikiti ulikuwa mtupu. Katika siku hizo akaja mtu asiye mwenyeji wetu, akasali Ijumaa pamoja nasi, kisha akamwendea mweka hazina. Alisema yeye hununua vitu vya kale kwa niaba ya wateja wake, na kwamba kwa bakora ile yuko tayari kutoa fedha zitakazotosha kuezeka paa zima na nyingine kubaki. Sharti lake lilikuwa moja: mpini uwe pembe ya kweli.

Kamati ilikutana baada ya swala ya Isha. Wapo waliosema iuzwe, kwa kuwa akina mama wanasali chini ya maji na bakora haiwafunuliki. Wapo waliosema wakfu hauuzwi, na hapo hapo kikao kikaisha. Sheikh wetu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema neno moja lililotunyamazisha sote: "Mnagombania bei ya kitu msichokijua. Kama ni pembe, tuna jambo na serikali, tuna jambo na twahara, na tuna jambo na amana. Kama si pembe, tuna jambo na ukweli. Kwanza tujue."

Katibu ndiye anayepewa kazi ambazo wengine wamezikwepa. Niliandika katika muhtasari kwamba nimetumwa mimi, nikaomba ruhusa ya siku nne. Nilipotaka kuichukua bakora nisafiri nayo, Sheikh akanizuia. "Iache hapa hapa kabatini," alisema. "Usipite nayo bandarini kitu ambacho hujui jina lake." Nikapiga picha kwa simu, nikaondoka mikono mitupu. Baadaye nilitambua kwamba huo ndio ulikuwa ushauri wa kwanza na wa maana kuliko yote niliyoyapata.

BAGAMOYO

Nilianza na Bagamoyo kwa sababu mzee wetu alikuwa mtu wa Tabora, na katika karne ya 19 kitu chochote cha pembe kilichotoka Tabora kuja pwani aghalabu kilipitia njia ile. Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita 70 hivi, safari ya asubuhi moja kwa basi dogo. Nilifika kabla ya adhuhuri, nikasali, kisha nikatembea hadi penye jengo la zamani la kupokelea misafara, ambalo siku hizi limefanywa mahali pa kumbukumbu.

Ukisimama pale ni rahisi kuiona biashara yote kama mchoro. Upande wa bara kuna njia iendayo Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na kuvuka ziwa kuingia Manyema. Upande wa bahari kuna majahazi ya kwenda Unguja. Pembe zilipimwa kwa frasila, ambayo ni takriban ratili 35, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili. Mtu aliutia begani mzigo huo akatembea nao kwa miezi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi hiyo kwa ujira na kwa fahari ya ujana wao. Lakini katika misafara hiyo hiyo walikuwamo pia watumwa, walioletwa pwani wao wenyewe wakiwa bidhaa. Haifai kulisema moja na kulificha la pili. Waliokuwa na misafara hiyo wengi walikuwa ndugu zetu katika dini, wenye majina kama yetu, na ukweli ni haki hata unapotuuma sisi wenyewe.

Jioni nilikwenda Kaole, mwendo mfupi kusini mwa mji, yalipo magofu ya misikiti miwili ya kale na makaburi yenye nguzo. Msikiti mkubwa zaidi umekuwapo tangu karne ya 13. Niliuangalia mihrabu wake wa mawe ya matumbawe nikawaza kwamba waliosali pale waliishi na ndovu karibu kuliko sisi, wala hawakuacha pembe yoyote katika kibla chao. Waliacha chokaa na jiwe, na kwa hayo tunawakumbuka.

MJI MKONGWE

Siku ya pili nilivuka kwenda Unguja kwa boti ya asubuhi, safari ya saa mbili hivi. Nilipotoka bandarini Malindi nilikumbuka habari ya Novemba 2013, pale bandari hiyo iliponasa kontena la makombe ya pwani ambalo ndani yake zilikuwamo pembe za ndovu, magunia kwa magunia. Njia ya pembe, kumbe, haikufungwa na babu zetu. Ilikuwa imebadilisha chombo tu.

Mji huu ulikuwa mkubwa kwa mambo matatu: karafuu, watumwa, na pembe. Seyyid Said bin Sultan aliyehamishia makao yake hapa kutoka Maskati alitiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Wafanyabiashara wa Salem, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Massachusetts, wakaanza kuleta kile kitambaa ambacho bibi zetu waliendelea kukiita merikani, na kurudi na pembe. Pembe hizo zilichanwa katika viwanda vya Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, ambao jina lake lenyewe maana yake ni mji wa pembe. Huko zikawa vitana na vibao vya piano. Nyingine zilikwenda Bara Hindi, ambako bangili za pembe zilikuwa pambo la bibi harusi katika nchi za Gujarat na Kutch. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa kuwa ilikuwa laini kuchonga na haikupasuka upesi.

Katika Shangani bado ipo nyumba ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki katika mji huu mwaka 1905 baada ya kuyaandika maisha yake kwa Kiswahili. Nilisimama mbele ya mlango wake wa nakshi. Watalii walikuwa wakipiga picha. Mimi nilikuwa nikijiuliza kama mpini wetu ulitoka katika moja ya mizigo iliyoingia kwa milango kama ule.

Kisha nikaingia katika duka moja la vitu vya kale, katika vichochoro vilivyo nyuma ya Ngome Kongwe. Lilikuwa limejaa masanduku ya misumari ya shaba, saa za ukutani, majambia na mabirika. Muuzaji aliponiona nina kofia na kanzu alinichagulia tasbihi nyeupe, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni pembe ya ndovu ya zamani, ya kabla ya marufuku, na kwamba ananipa kwa bei ya Muislamu mwenzake. Niliishika. Ilikuwa nyepesi na ina joto la mkono wake. Nikamshukuru, nikairudisha, kwa sababu sikuwa na elimu ya kumkubalia wala ya kumkatalia.

Elimu hiyo niliipata siku ile ile baada ya swala ya Alasiri, katika msikiti wa Malindi wenye mnara wa umbo la pia. Rafiki niliyesoma naye chuoni alinipeleka kwa mzee mmoja fundi wa masanduku na milango, mtu wa miaka zaidi ya sabini, ambaye ujanani alifanya kazi ya kutengeneza viti na makabati ya kale yaliyopachikwa vipande vyeupe.

"Shikamoo, mzee wangu," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa umekuja kutafuta pembe. Unataka kuinunua au unataka kuijua?"

"Kuijua, mzee."

"Basi kaa. Anayetaka kuinunua huwa simfundishi."

MAFUNDISHO YA FUNDI

Jambo la kwanza alilonifundisha ni la lugha. Sisi tunasema pembe, lakini ndovu hana pembe. Yale ni meno yake ya mbele yaliyoendelea kukua maisha yake yote. Ndiyo maana serikali husema meno ya tembo. Kwa kuwa ni jino, halina mishipa ya damu iliyopenya ndani kama mfupa. Katika tofauti hiyo ndogo ndiyo siri yote ya kulitambua.

Mfupa, alisema, ulikuwa hai na ulilishwa kwa damu. Mirija iliyopitisha damu huacha alama: ukiutazama kwa kioo cha kukuzia utaona vitone vidogo vyeusi au vya kahawia pale ulipokatwa kwa upana, na vijistari vifupi kama mikwaruzo pale ulipokatwa kwa urefu. Vitone hivyo hushika uchafu na mafuta ya mkono, hivyo kadiri mfupa unavyozeeka ndivyo vinavyoonekana zaidi. Mfupa wa ng'ombe au ngamia ukisuguliwa vizuri unaweza kumhadaa mtu kwa miaka mia, lakini vitone haviondoki.

Pembe ya ndovu haina vitone. Ukiitazama pale ilipokatwa kwa upana, utaona mistari myembamba inayopishana kwa mshazari, kama ukindu katika mkeka uliosukwa kwa mkono mwepesi. Mistari hiyo iliandikwa na mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Schreger mwaka 1800, na hadi leo wataalamu huitaja kwa jina lake. Karibu na ukingo wa nje, pembe zinazofanywa na mistari hiyo katika jino la ndovu huwa pana, zaidi ya nyuzi 115 kwa wastani. Katika jino la mamothi, yule mnyama wa kale aliyekwisha toweka na ambaye meno yake huchimbwa katika barafu ya Siberia, huwa finyu, chini ya nyuzi 90. Ukilitazama jino la ndovu kwa urefu wake, hutaona mkeka. Utaona mawimbi mepesi yanayokwenda sambamba, yasiyolingana kabisa.

Nikamwuliza juu ya vitu vingine vyeupe. Jino la kiboko, akasema, ni zito na jeupe zaidi, lina mistari myembamba ya mduara lakini halina mistari inayopishana. Ipo pia ile iitwayo pembe ya mimea: kokwa gumu la mkoche, mti uliokipa kitongoji cha Mikocheni jina lake, na kokwa la mti mwingine wa Amerika ya Kusini uitwao tagua. Hivyo hutumika kwa vifungo na shanga, na mara nyingi huacha alama za ganda la kahawia.

Kisha kuna plastiki, ambayo ndiyo nyingi kuliko vyote. Mojawapo ya zile za mwanzo, seluloidi, ilitengenezwa na Mmarekani John Wesley Hyatt karibu na mwaka 1870, kwa sababu watu walikuwa wakitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya pembe katika mipira ya mchezo wa biliadi. Kwa hiyo hata kitu cha plastiki kinaweza kuwa cha kale kweli na bado kisiwe pembe. Dalili zake ni wepesi, joto la haraka mkononi, mistari iliyonyooka na kulingana mno kana kwamba imepigwa rula, na mshono mwembamba wa kalibu kuzunguka shanga au mpini. Hapo nikaikumbuka tasbihi ya dukani. Shanga zake zote zilikuwa na mshono.

"Na watu wanaochoma kwa sindano ya moto?" nilimwuliza, kwa kuwa mmoja wa wanakamati wetu alikuwa ametaka kufanya hivyo.

Mzee akatikisa kichwa. Ni kweli plastiki huyeyuka na pembe haiyeyuki, lakini sindano huacha kovu la milele katika kitu cha watu, na seluloidi hushika moto upesi kama kiberiti. Badala yake alinionyesha taa ndogo ya zambarau, kama zile zinazotumika madukani kukagua noti bandia. Chini ya mwanga huo, gizani, pembe na mfupa hung'aa rangi nyeupe yenye ubuluu, na plastiki nyingi hubaki zimefifia. Taa hiyo haitofautishi pembe na mfupa, lakini plastiki huifichua.

Mwisho akanionya juu ya umanjano. "Watu wanadhani njano ni cheti," alisema. "Majani ya chai hutia njano usiku mmoja. Usiamini rangi, amini mistari." Nikamwonyesha picha ya bakora katika simu. Akaikuza, akaitazama kwa muda, akanirudishia. "Picha haisemi," alisema. "Nenda ukamtazame mwenyewe, chini ya mpini, pale ulipokatwa."

HUKUMU YA DINI NA SHERIA YA NCHI

Ndugu msomaji, huenda ukauliza kwa nini Sheikh wetu alitaja twahara. Sisi watu wa pwani wengi tunafuata madhehebu ya Imam Shafi'i, na kauli mashuhuri katika madhehebu haya ni kwamba mfupa na jino la mnyama aliyekufa bila kuchinjwa kisheria ni najisi kama nyamafu. Pembe ya ndovu inaingia humo. Imam Abu Hanifa aliona kwamba mifupa haiingiwi na mauti kama nyama, hivyo pembe ni twahara. Imam Malik alitofautisha kati ya ndovu aliyechinjwa na asiyechinjwa. Imam Bukhari naye, katika mlango wa udhu, ametaja kutoka kwa Zuhri kwamba aliwakuta wanazuoni waliotangulia wakitumia vitana vya mifupa ya wanyama kama ndovu wala hawakuona ubaya. Kwa hiyo hitilafu hii ni ya wanazuoni wakubwa, wala haimpasi mtu kumlaumu mwenzake anayefuata kauli nyingine.

Lakini kwetu sisi hitilafu hiyo ilikuwa na uzito wa kila Ijumaa. Katika madhehebu ya Shafi'i, khatibu anatakiwa awe twahara mwilini, nguoni na mahali pake wakati wa khutba, na kushika najisi mkononi ni jambo linalogusa sharti hilo. Tulikuwa tumeishika bakora ile mbele ya mamia ya watu kwa miongo mingi, kwa fahari kwamba ni pembe, bila kuuliza fahari hiyo inatupeleka wapi.

Upande wa nchi, mambo hayana hitilafu. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini uliamua mwaka 1989 kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu wa Afrika baina ya mataifa, na marufuku ikaanza kufanya kazi Januari 1990. Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwa na nyara za serikali bila kibali, na jino la ndovu ni nyara. Jino la kiboko na la ngiri pia ni nyara. Hivyo mtu asijifariji kwa kusema si ndovu. Vifungo vya miaka 20 kwa makosa hayo si habari ngeni katika mahakama zetu. Sikuona mahali ambapo sheria hiyo inasema kwamba kurithi kwa babu kunatosha kuwa kibali.

Ukali huo una sababu. Hesabu ya mwaka 2009 ilikuta ndovu wapatao 109,000 katika nchi yetu. Hesabu ya mwaka 2014 ilikuta kama 43,000. Katika miaka mitano tulipoteza zaidi ya nusu, na sehemu kubwa ya hao walianguka katika pori la Selous. Kila mnunuzi anayeuliza pembe ya zamani huifungulia njia pembe mpya, kwa sababu pembe mpya ikichovywa katika chai huitwa ya zamani. Mwenyezi Mungu ametaja katika Kitabu chake kwamba wanyama ni umma mfano wetu, na ametupa sura nzima yenye jina la ndovu. Tutasema nini siku ya kuulizwa, ikiwa umma huo ulimalizwa ili tupate vipini vya bakora?

KURUDI NYUMBANI

Nilirudi Mbagala siku ya nne. Kabla hatujaigusa bakora, kamati ilikubaliana kwamba jambo hili lisifanywe chumbani kwa siri. Niliandika barua kwa ofisi inayohusika na wanyamapori kueleza tulichonacho na tulikipataje, tukaomba afisa aje atazame. Baadhi ya wanakamati waliogopa. Mmoja alisema tunajipeleka wenyewe gerezani. Sheikh akajibu kwamba anayebisha hodi si sawa na anayekutwa dirishani.

Afisa alikuja siku ya Jumanne, kijana mwenye adabu, akavua viatu mlangoni. Tulimwita pia mjukuu wa marehemu, ambaye husali safu ya kwanza pamoja nasi. Bakora ikawekwa juu ya meza ya madrasa. Afisa akaifungua pete ya shaba iliyoshika mpini, akaugeuza, akaweka kioo chake cha kukuzia pale ulipokatwa. Alikaa kimya, akanipa kioo.

Nilitafuta mkeka. Nilitafuta ile mistari inayopishana niliyoota kwa siku nne. Hapakuwa na mkeka. Palikuwa na vitone vyeusi, vingi, vidogo, vimetapakaa kama ufuta juu ya mkate. Tukazima taa, tukawasha ile ya zambarau: ukang'aa mweupe, basi si plastiki. Afisa akasema wazi: huu ni mfupa, na kwa ukubwa wake yaelekea ni wa ng'ombe. Akaandika hivyo katika karatasi, akatia sahihi, akatuachia nakala.

Chumba kilikuwa kimya. Niliutazama uso wa mjukuu wa marehemu, nikaona haya kwa ajili yake. Alisema polepole, "Kwa hiyo babu alitudanganya?" Sheikh akamshika bega. "Babu yako alisema alichosikia kwa babu yake," alimwambia. "Mwongo ni anayejua. Na leo umemwondolea mzigo ambao hakuujua." Kisha akaeleza kwamba mfupa uliopatikana katika mji wa Waislamu, ambako wanyama huchinjwa kisheria, huchukuliwa kwa asili yake kuwa ni wa halali hadi uthibitike vinginevyo. Bakora ikabaki wakfu, ikabaki twahara, ikabaki halali mbele ya serikali. Alhamdulillahi.

Lilibaki jambo la mnunuzi. Mwanakamati mmoja, na sitamtaja kwa kuwa alikwisha jutia, alisema kwamba mnunuzi yule hajui vitone wala mistari. Tumuuzie tu, tuezeke paa. Nilimkumbusha, na nilijikumbusha mwenyewe, kwamba Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta limeloa ndani, alimkemea muuzaji na kumtoa katika mwendo wake mwenye kughushi. Paa la msikiti lililojengwa kwa ghushi huvuja hata kiangazi. Tulimpigia simu mnunuzi tukamwambia ukweli, na kwamba hata ingekuwa pembe tusingemuuzia. Hakuja tena.

Hivyo tulipoteza fedha nyingi kwa vitone vichache vyeusi, na sijapata kuona kamati ikifurahia hasara kama ilivyofurahi jioni ile. Ijumaa iliyofuata Sheikh aliipandisha bakora mimbarini kama kawaida, akasimulia kisa chote mbele ya watu, na baada ya swala akina mama wenyewe ndio waliotangulia kuchanga. Mabati ya nusu ya paa yamekwisha nunuliwa. Nusu nyingine, in shaa Allah, kabla ya vuli.

Nawe msomaji, huenda nyumbani kwako kuna tasbihi ya bibi, bangili, kitana, au rehali yenye vipande vyeupe. Usiichome, usiiuze, usisafiri nayo. Itazame mchana, kwa kioo cha kukuzia, pale ilipokatwa, ukiwa na watoto wako kando ili nao wajifunze. Ukiona mshono, ni plastiki. Ukiona vitone, ni mfupa. Ukiona mkeka, ijulishe mamlaka ya wanyamapori kwa barua kabla haijakujulisha yenyewe, na mwulize sheikh wako kuhusu kuivaa katika swala. Na ukienda madukani ukaambiwa kwa sauti ya chini kwamba hii ni pembe ya kweli, ya kabla ya marufuku, kwa bei ya Muislamu mwenzako, irudishe mezani kwa salamu. Ikiwa ni uongo, umejiokoa na ghushi. Ikiwa ni kweli, umejiokoa na kubwa zaidi.

Wabillahi tawfiq.